Kwa Tata Damian Mushumbusi, Mwenye Kengele ya Kabwera

Mwaka umetimia, Tata, tangu watu wa Kabwera wakuue kando ya mnara uliowajengea.

Tungeweza kuandika kama wanavyoandika wengine, kwamba ulitutoka ghafla, kwamba Mungu alikupenda zaidi. Hukututoka. Ulitolewa, kwa mawe na mipini ya majembe na panga mbili, Jumanne tarehe 12 Novemba 1974, saa tisa alasiri, siku ya soko, jua likiwaka. Ya Mungu tunamwachia Mungu. Haya tunayoandika ni ya watu.

Kalamu nimeishika mimi, Jovita, mtoto wako wa kwanza. Familia imenipa kazi hii kwa sababu mimi ndiye mwalimu, na kwa sababu nyingine ambayo nitaifikia. Mama amekaa hapa karibu anamenya ndizi. Kila nikimaliza ukurasa namsomea, na pale anapoona nimekulainisha ananiambia nifute.

Basi hukuwa laini. Ulikuwa mwenye bucha, na mdomo wako ulikuwa mchafu kuliko aproni yako. Ulimfukuza katibu wa tawi kwa shoka siku alipotaka apewe paja la bure kwa ajili ya wageni wa chama. Uliwatukana wateja waliobonyeza nyama kwa vidole. Wajane uliwapa maini ukiwa umekunja uso, unawasukumia mkononi: "Shika, ondoka, usinishukuru, foleni ni ndefu." Jumapili baada ya misa ulikunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, vibuyu viwili, ukaimba nyimbo za Kilatini ulizojifunza utotoni, na jirani zetu Walutheri wakafunga madirisha. Jumatatu asubuhi ulifika machinjioni kabla ya wote. Kisu ulikifuta kwenye aproni mara tatu, siku zote mara tatu, hata kama hakikuwa na kitu.

Hukuwahi kumpiga hata mmoja wetu. Tunaliandika hili kwa sababu wapo waliosema msibani, tena tukiwasikia, kwamba mtu mkali kama wewe angefia wapi kwingine.

Ulizaliwa Kashozi, karibu na misheni, kwenye kibanja cha migomba ambacho hakikuwa chenu. Babu Mwijage alikuwa mtwarwa, mpangaji kwenye ardhi ya nyarubanja, ardhi ya bwana, akilima migomba na kahawa na kumpelekea bwana fungu lake kila msimu. Ulipokuwa na miaka tisa bwana alikitaka kibanja. Walikuja watu wanne mchana. Babu alikataa kutoka, wakampiga kwa fimbo mlangoni mwake mpaka jicho moja likamtoka. Bibi alipiga nduru. Kwetu nduru si kelele tu: mtu akiipiga, kila anayesikia hutoka na chochote alichoshika, na anayebaki ndani huhesabiwa mshirika wa mwizi. Bibi alipiga nduru mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyekuja. Upepo ulikuwa mbaya, majirani walisema baadaye, hawakusikia. Babu alikufa siku ya tatu.

Hukuwahi kutusimulia kisa hiki umekaa. Ulikuwa ukikisema umesimama, unapasua mifupa, na shoka likienda pamoja na maneno. Ukimaliza ulikuwa unasema kwamba wale wanne uliwasahau sura siku nyingi. Usichoweza kusahau ni jinsi sauti ya Bibi ilivyokuwa fupi.

Uhuru ulipokuja wengine walicheza ngoma siku tatu. Wewe ulianza kuweka ngozi. Ngozi ya kila ng'ombe uliyemchinja ilikaushwa nyuma ya nyumba, ikapelekwa Bukoba, na kilichopatikana hakikuingia nyumbani. Mama alivaa kitenge kimoja miaka mitatu na hajaacha kukulaumu, hata sasa. Saruji, nondo na mbao vilitoka kwenye ngozi. Mawe waliyabeba watu wa Kabwera kwa kujitolea, Jumamosi kwa Jumamosi, na fundi Lameki akayapanga futi thelathini kwenda juu, pale katikati ya uwanja wa soko.

Kengele uliipata Bukoba kwa mtu wa vyuma chakavu karibu na bandari. Ilikuwa ya meli ya zamani ya ziwani, iliyokwisha kukatwakatwa. Ulikaa nayo siku mbili kwa jamaa zetu Rwamishenye ukisubiri lori, na jamaa wanasema hukutoka nje hata kununua sigara, ukiogopa wataiuza. Ukaja kwetu huku Muleba umeikumbatia juu ya magunia ya chumvi. Padri alidhani ni yake. Mchungaji naye alidhani ni yake. Kikao kikaitishwa, na wewe ukasimama katikati na kisu chako kiunoni.

"Hii si ya kuwaita watu kwa Mungu, waitu, ndugu zangu," ulisema. "Mungu anasikia bila kengele. Hii ni ya kuwaita watu kwa watu."

Hakuna aliyebisha, labda kwa ajili ya kisu. Chama kilitaka jina lako liandikwe ukutani kwa rangi. Ulikataa, ukasema siku mambo yakiharibika watasema ni kengele ya Damian. Mpaka leo mnara ule hauna maandishi yoyote.

Ililia mara ya kwanza tarehe 9 Desemba 1964, na wewe ukatoa amri zako ukiwa umesimama kwenye ngazi ya Lameki. Kengele ikilia, toka na ulichoshika. Fika kwanza, uliza baadaye. Na anayepiga asiache kupiga mpaka uwanja ujae watu. Hiyo ya tatu uliirudia, na sisi nyumbani tulijua kwamba unamsemea Bibi.

Na ilifanya kazi, lazima tuseme. Ghala la kahawa liliposhika moto mwaka 1967, nusu ya Kabwera ilikuwa uwanjani kabla paa halijaanguka. Theopista, jirani yetu, alikimbilia mnarani mumewe akiwa nyuma yake na panga, akaning'inia kwenye kamba. Mume alipogeuka alikuta mji mzima umemzunguka. Ulimvunja mkono wa panga kwa mpini wa shoka mbele ya wote, kisha ukampeleka zahanati mwenyewe, na mwezi mzima ukampelekea supu ya kongoro kwa sababu hakuweza kushika kazi. Theopista yu hai. Mume naye yu hai, huko alikohamia.

Mwezi wa tisa mwaka jana yakaja malori ya Operesheni. Watu wakashushwa rweya, ile mbuga ya nyasi juu ya Kabwera ambako mgomba hauoti, wakaambiwa hapa ndipo kijiji chenu cha ujamaa. Nyumba zao huko walikotoka zilikuwa zimebomolewa wakiangalia, nyingine zimechomwa. Migomba yao na makaburi ya wazazi wao yamebaki nyuma. Walishuka na magodoro na kuku na hasira, na hawakumjua mtu hata mmoja wa Kabwera kwa sura. Watu wetu walikaa chini wakawasengenya. Wewe ulipanda kule na toroli la vichwa na kwato, ukagawa, ukawatukana waliosukumana.

Nathanael Buberwa, waliyemchagua kuwa mwenyekiti wao, alikuuliza wafanye nini wakivamiwa, maana ni wageni. Ukamwonyesha mnara, ambao kutoka kule juu unaonekana vizuri.

"Ikilia, shukeni na mlichoshika. Msiulize. Mkikaa kuuliza, mwizi anakimbia."

"Sawa, Tata," Nathanael akasema.

Nilikuwepo nimeshika mpini wa toroli. Nilisikia ukisema hivyo, na nilimwona akitikisa kichwa kama mtu anayeshika somo.

Sasa siku yenyewe.

Nilikuwa na darasa la watu wazima chini ya mnara, akina mama saba, soko limeshapungua watu, ubao umeegemezwa ukutani. Tulikuwa kwenye kuandika majina yao. Aristides, mwuzaji wa duka la ushirika, akatoka mlangoni mwa duka ameshika tumbo kwa mikono miwili. Watu wawili wasiojulikana walikuwa wameingia kutafuta majora ya kitambaa, unakumbuka vitu vilivyokuwa adimu, na mmoja wao alikuwa amemchoma. Aristides alitembea hatua kama sita. Akasema, "Ana kisu. Ana damu." Akaangukia ubao wangu.

Nikavuta kamba. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya mimi kushika kalamu. Kengele iliyowaleta waliokuua niliipiga mimi.

Ulikuwa machinjioni bondeni, unamalizia ng'ombe wa pili. Ulisikia kengele yako na ukafanya ulivyoamuru wengine wafanye. Ulitoka na ulichoshika, na ulikuwa umeshika kisu. Aproni ilikuwa imelowa damu kutoka kifuani hadi magotini, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Ukashika njia ya mkato, ile inayopita kwenye mibuni na kutokea nyuma ya duka la ushirika. Wezi walikuwa wamekimbilia njia hiyohiyo, wakakata kona kabla hawajakutana nawe.

Watu wa rweya walikuwa wa kwanza kufika nyuma ya duka. Walikuwa wamekimbia mteremko wote na majembe yao, na habari waliyopokewa nayo uwanjani ilikuwa ni hiyo tu, kuna mtu ana kisu na ana damu. Wakamwona mtu ana kisu na ana damu, anatoka mbio nyuma ya duka. Hawakuuliza.

Jiwe la kwanza lilikupiga mdomoni, kwa hiyo hukuweza kusema. Uliinua mkono kujikinga, na mkono huo ndio uliokuwa na kisu. Mwaka mzima tumeulizana kwa nini hukukidondosha. Datius, mwanao, anasema mchinjaji hadondoshi kisu, hata akijikwaa, mkono wenyewe umezoea hivyo. Wao waliona mtu anainua kisu. Mpini wa jembe ukavunja mkono. Mwingine ukavunja goti. Ulianguka kifudifudi, na hapo watu wa sokoni nao wakawa wamefika, watu wa Kabwera wenyewe, uliowakatia nyama miaka ishirini. Hawakuona uso wako. Waliona migongo ya watu imeinama inapiga, wakarusha juu ya migongo walichokuwa nacho. Kwetu mtu akifika kwenye nduru asifanye kitu, kesho yake huulizwa alikuwa upande wa nani. Wengi walirusha ili wasije wakaulizwa. Panga zilikuja mwisho, na kati ya vidonda vyote, vya panga ndivyo Mama alivyoshindwa kuviosha, vikaoshwa na Shangazi Anatolia.

Mama ndiye aliyekujua. Alizijua katambuga zako, zile ulizojikatia mwenyewe kwenye tairi la lori, ya kushoto ina kiraka. Akaanza kuita. "Ni Damian. Ni Damian Mushumbusi. Mnamuua Damian." Aliwavuta mashati. Aliwauma mikono. Kiwiko cha mtu kilimvunja jino, na hajui ni cha nani, na mwenye kiwiko anajua. Aliita jina lako mpaka likawa halitoki, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Hawakumsikia kwa sababu yangu. Nilikuwa hatua arobaini kutoka pale, nimewapa mgongo, navuta kamba kwa nguvu zangu zote. Kengele ya meli hutengenezwa isikike kwenye dhoruba. Ulikuwa umesema tusiache mpaka uwanja ujae, na kwa macho yangu uwanja ulikuwa haujajaa. Nilikuwa nakutii, Tata. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba nakutii vizuri.

Niligeuka nilipochoka. Watu walikuwa wameacha kupiga, wamerudi nyuma hatua moja moja. Niliachia kamba, na ndipo nikamsikia Mama, sauti imekauka, bado anaita. Ulikuwa umeshakata roho.

Wezi hawakupatikana. Aristides alipona, na kila Jumanne anatuletea chumvi, anaiweka kizingitini, anaondoka. Polisi walikuja kesho yake wakauliza nani. Mji mzima ulikuwepo na hakuna aliyeona.

Tulikuzika kwenye kibanja chako, katikati ya migomba, tumekufunga kwa lubugo, nguo ya gome la mti, kama alivyozikwa Babu. Kabwera yote ilikuja. Ilikuwa msimu wa senene na wapo walioleta vikapu vya senene, tukawarudishia. Walichimba kaburi lako kwa majembe. Datius alisimama pembeni, hakulia, alikuwa anaitazama mipini mmoja baada ya mwingine.

Kutoka kaburini alikwenda moja kwa moja mnarani na spana yako. Akapanda, akafungua ulimi wa kengele, kile chuma kinachoning'inia ndani na kuigonga, akakishusha begani. Walikuwepo wanaume kumi uwanjani na hakuna aliyemzuia. Alitaka akakitupe ziwani. Mama alikichukua, akakifunga kwa kipande cha lubugo kilichobaki, akakiweka chini ya kitanda upande wako.

Siku ya nne ya msiba alikuja Lwakatare, fundi cherehani, rafiki yako wa kibuyu kimoja. Alipiga magoti mlangoni.

"Ma Clotilda, nilirusha."

"Najua," Mama akasema. "Pasi yako ilikuwa kwenye mbavu zake. Tulikuta mkaa kwenye shati."

"Nilikuwa napiga pasi. Nilitoka na nilichoshika."

"Ulimwona uso?"

"Sikumwona."

"Ulitafuta kumwona?"

Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, hata yule usiyempenda, kikapu kidogo kinapita mkononi kabla ya neno lolote. Mama alikichukua kikapu, akakifunika, akakirudisha ndani. Kwa miezi mingi tangu siku hiyo hakuna mtu wa Kabwera wala wa rweya aliyetafuna kahawa nyumbani kwako. Walikuja wakaketi, wakaondoka na midomo mikavu. Tulifurahi kuwaona hivyo. Mama amesema niliache neno hilo kama lilivyo.

Kamati ya mji ilituma watu mara tatu kuomba ulimi wa kengele. Mara zote tatu Datius aliwatoa. Bucha anaiendesha yeye sasa, na kisu anakifuta mara tatu, hajui kama anafanya hivyo.

Kisha ukaja mwezi wa nane mwaka huu. Saa nne asubuhi, watu wa kijiji kipya wote wakiwa kwenye shamba la ujamaa ng'ambo ya kilima, nyumba ya nyasi ya Nathanael Buberwa ilishika moto. Ndani alikuwamo mama yake, Ma Alistidia, kikongwe ambaye miguu yake ilikuwa imekataa. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebaki nyumbani kunyonyesha alikimbia mteremko wote mpaka mnarani, mtoto mgongoni, akavuta kamba. Akavuta, akavuta. Kengele iliyumba kule juu bila ulimi na hakuna kilichosikika isipokuwa kamba ikisugua ukuta. Tulimwona kutoka bucha. Datius alipanda mbio na ndoo ya maji, hilo liandikwe, lakini ndoo moja. Watu wa shambani walipouona moshi na kufika, walikuta chuma cha kitanda na kilichokuwa juu yake.

Hatukumuua Ma Alistidia, Tata. Lakini ulimi wa kengele ulikuwa chini ya kitanda chetu, na siku ile wote wanne, Mama na sisi watoto watatu, tulikula bila kutazamana.

Wiki mbili baadaye Nathanael alikuja. Alikuja peke yake, mchana, mikono mitupu, akasimama nje ya ua.

"Hodi, waitu."

"Semea hapohapo," Mama akamwambia.

"Jiwe la kwanza lilikuwa langu. Lile la mdomoni."

"Tunajua."

"Yeye ndiye aliyeniambia nisiulize."

Datius akainuka. Mama akamwambia akae, na alipokuwa hajakaa akamwambia tena.

"Anasema kweli," Mama akasema. "Alimwambia. Damian alikosea pale."

Sijawahi kumsikia Mama akikukosoa mbele ya mgeni, Tata, na miaka yote mliyogombana mligombania jikoni. Nathanael naye hakutegemea. Alisogea mpaka kwenye mti wa lango akaushika.

"Sikuja kuomba msamaha, Ma Clotilda. Huo mtanipa mkipenda, msipopenda basi. Nimekuja kuomba kile chuma. Nina watu mia nne kule juu, na nyumba zote ni za nyasi."

Mama alimenya ndizi tatu nzima kabla ya kujibu.

"Mama yako aliita?"

"Yule mwenye mtoto alimsikia. Anasema aliita jina langu."

"Nawe hukusikia."

"Sikusikia."

"Mimi pia niliita," Mama akasema.

Aliweka kisu chini, akaingia ndani, akatoka na kikapu cha kahawa. Alitembea nacho mpaka langoni. Nathanael alichukua punje moja, ikamponyoka ikaanguka, Mama akampa nyingine. Akatafuna. Datius aliondoka kwa mlango wa nyuma, na jioni alirudi akala. Mimi ndiye niliyetumwa kuvuta chuma kutoka chini ya kitanda. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka.

Mama alikipeleka mwenyewe kwenye kikao cha kamati, na alikwenda na sharti. Amri yako ya kwanza ameiacha kama ilivyo. Ya pili na ya tatu amezifuta. Sasa anayepiga atapiga mara tatu, ataachia kamba, na kutakuwa na kimya cha pumzi kumi. Ndani ya kimya hicho, aliyeinua mkono auzuie, na mwenye jina la kuita aite. Kisha tatu tena. Ukichukia kufutiwa amri zako, Tata, utagombana na Mama mtakapokutana. Kamati ilikubali. Mjumbe mmoja akainuka kusema kwamba sasa ni wakati wa jina la marehemu kuandikwa kwenye mnara, kwa rangi nzuri.

"Msiliandike," Mama akasema. "Niliwapa nikiwa nalitamka, hamkulipokea."

Juzi Lameki alipanda mnarani akaufunga ulimi mahali pake. Amezeeka, alipanda kwa kupumzika mara nne, na alikataa kusaidiwa. Kengele bado haijalia. Italia Jumatano hii, tarehe 12 Novemba, saa tisa alasiri. Nitaipiga mimi. Kamba ile sijaigusa tangu siku ile, na naogopa kuliko ninavyoweza kuandika.

Ninyi mnaosoma karatasi hii, iliyobandikwa mlangoni mwa bucha na mlangoni mwa duka la ushirika, hatukutaja majina yenu isipokuwa wale waliokuja kujitaja. Mliokuwepo mnajijua. Mkiisikia, tokeni. Safari hii acheni mlichoshika. Kila mtu asimame pale alipokuwa amesimama mwaka jana. Nitapiga mara tatu, nitaachia kamba, na Mama atasimama nyuma ya duka, pale alipozijua katambuga za Tata, na ataita jina lake kwa sauti ileile. Hakutakuwa na kengele juu yake. Mtalisikia.

Wanaokukumbuka ni mke wako Clotilda, uliyemwacha na kitenge kimoja na jino pungufu. Watoto wako Jovita, Datius na Josia. Dada yako Anatolia wa Kagondo, aliyekuosha. Na jamaa wote wa Kashozi na Rwamishenye. Datius ameomba iandikwe kwamba atakuwepo uwanjani, ila hatampa mtu mkono.

Daima tutakuita kwa jina, Tata.